Vyeti vya Dada Ndani ya Mzinga

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za kazi. Na wageni wetu mliotoka Kinampanda alfajiri, karibuni Mungaa, karibuni kwenye kikundi chetu cha wafugaji nyuki.

Mtaniwia radhi, nitasoma. Mwenyekiti wetu aliniambia kwamba wageni wanapenda kusikia ushuhuda wa mwanakikundi, na mwanakikundi mwenyewe ni mimi. Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi siwezi kusema mbele za watu." Akanijibu, "Basi andika." Nimeandika jioni nane, kidogo kidogo, kwa sababu niliishia darasa la saba na kalamu yangu si ya mbio. Majina ya watu sitayataja. Wenyewe mtawajua kwa kicheko chao.

Kazi yangu ni kuchonga mizinga. Ile mliyoonyeshwa leo pale nyuma, mingi imetoka mikononi mwangu. Sijisifu. Nataka mjue tu, maana aibu yangu ilianzia kwenye mzinga niliouchonga mwenyewe.

Nina dada mmoja. Mimi nilipomaliza darasa la saba sikuendelea, yeye aliendelea. Alikwenda sekondari, akaenda kidato cha tano na cha sita, kisha akaingia chuo kikuu Dodoma kusomea uhandisi wa maji. Sisi tuliokua naye hatukushangaa. Mtu aliyebeba ndoo kutoka lamboni kila siku ya Mungu, akichagua kusomea maji, ni kama mtu aliyeamua kumjua vizuri adui yake.

Alipokuwa mwaka wa pili alisikia kwamba chuo chake kina urafiki na chuo kimoja cha Ujerumani. Kila mwaka wanafunzi wachache huchaguliwa kwenda kusoma huko mwaka mmoja, kisha wanarudi kumalizia hapa. Dada akasema, "Nitaomba." Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilidhani kuomba ni kuandika barua moja na kusubiri. Kumbe ni kazi ya msimu mzima, kama alizeti, na kila hatua ina palizi yake.

Likizo ya Krismasi alikuja nyumbani. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika orodha kwenye ukuta wa jiko. Pasipoti. Barua mbili za walimu wake. Matokeo ya chuo. Barua ya kujieleza. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Mama yetu akaja, akasimama na mwiko mkononi.

"Umenichafulia ukuta."

"Huu si uchafu mama, hii ni safari."

"Safari inaandikwa ukutani? Na huko Ujerumani kuna ugali?"

"Kuna viazi, mama."

"Viazi! Basi utarudi mapema."

Kazi yangu katika safari hiyo ilikuwa alama za vema. Dada akirudi chuoni, kila alipokamilisha jambo alinipigia simu, nami nikaenda ukutani na mkaa wangu nikaweka vema. Pasipoti, vema. Barua ya mwalimu wa kwanza, vema. Ile barua ya kujieleza alinisomea kwenye simu mara nne. Ya kwanza ilijaa maneno makubwa. Nikamwambia, "Dada, ni nzuri, ila wewe sikukuona humo." Akakata simu. Nikajua amekasirika. Baada ya siku tatu akanisomea nyingine, inaanza na ndoo na njia ya lamboni. Humo nilimwona. Vema.

Ikabaki ile ya mwisho, vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Hapo ukutani alikuwa ameandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Viko kwa mdogo wangu."

Na kweli vilikuwa kwangu. Alinipa likizo ileile kwa sababu bwenini kwao vitu hupotea. Aliniambia, "Nitunzie kama macho yako." Sasa nikawaza niviweke wapi. Nyumba yetu ni ya tope na ina mchwa. Cheti changu mimi cha darasa la saba kiliwekwa sandukuni, na siku nilipokitafuta nilikuta mchwa wamekula karatasi yote wakabakiza muhuri. Nadhani wino haukuwapendeza. Kwa hiyo mtu asinicheke haraka. Niliogopa mchwa kwa sababu wamenisomea cheti changu kabla sijakitumia.

Nyuma ya nyumba tuna mkwaju, na juu ya mkwaju nilikuwa nimetundika mzinga mmoja mpya, ili wapita njia waone kwamba hapa kuna fundi. Nikaona hakuna mahali salama kuliko pale. Mchwa hawafiki, mbuzi hawafiki, mvua haiingii. Nikatia vyeti kwenye bahasha, bahasha nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikavilaza ndani kabisa, nikafunga. Nikashuka nikijiona mwerevu.

Wafugaji wenzangu naona mmeshaanza kutazamana. Subirini. Bado hamjasikia sehemu mbaya. Mzinga ule kuna mteja aliyeuagiza zamani, akataka aupate ukiwa tayari kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nimeupaka nta ndani, kama mnavyojua, ili nyuki wakipita wanuse harufu ya kwao. Mteja hakuja. Nami nikasahau nta.

Yaani nilitega, kisha nikaficha mali ya dada yangu ndani ya mtego.

Alizeti zilipochanua, nyuki wakaja. Niliwaona asubuhi nikiosha uso. Walikuwa wamening'inia mlangoni mwa mzinga kama ndevu za mzee. Jioni hawakuwepo nje tena. Walikuwa wameingia ndani.

Hapo ningekwenda siku ileile kwa mwenyekiti wetu, nyumba yake si mbali, nikasema, "Shikamoo, nina shida," shida ingekwisha kabla ya chai. Sikwenda. Nawaambieni kwa nini sikwenda, na hili wakati ule hakuna aliyelijua isipokuwa watu wa nyumbani. Mimi fundi wa mizinga naogopa nyuki. Niliumwa nikiwa mdogo, uso ukavimba hata mama akawa ananitambua kwa shati. Tangu hapo nachonga mizinga, naibeba ikiwa mitupu, lakini siku ya kurina asali mgongo wangu huwa unauma. Kila mara. Wenzangu walikuwa wakinipa pole kwa mgongo huo, nami napokea pole.

Basi nikanyamaza. Nikajiambia labda watahama. Kila asubuhi nilitazama mkwajuni. Hawakuhama. Kwa nini wahame? Nyumba nzuri, fundi mzuri.

Jumamosi moja dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa. Wanataka picha za rangi za vyeti vyenyewe, hizi fotokopi zangu nyeusi wamezikataa. Vyeti vipo?"

"Vipo."

Hapo sikusema uongo. Vilikuwepo. Vilikuwa tu na walinzi wengi.

"Basi vitume kwa basi Jumatatu."

"Sawa dada."

Jumatatu akapiga. "Umetuma?" Nami nikatazama mkwaju, nikatazama chini, nikasema, "Nimetuma." Hilo ndilo neno langu la kuanguka, ndugu zangu. Ni neno moja tu. Lilitoka kirahisi kuliko yote niliyowahi kusema.

Jumanne dada yangu aliacha vipindi, akaenda stendi, akakaa kwenye ofisi ya vifurushi kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama. Kila basi lililotoka Singida alilikimbilia. Kondakta mmoja akamwambia, "Dada, unasubiri kifurushi au mchumba?" Alinipigia mara kumi na moja. Nilikuwa nimezima simu. Nilikuwa nimekaa jikoni, natazama ukuta, mahali palipokosa vema.

Mama yangu akaingia, akanitazama, akasema, "Wewe unaumwa?" Nikasema, "Mgongo." Akasema, "Nje hakuna asali inayorinwa leo. Mgongo wa nini?" Akatoka. Mama yangu hana maneno mengi, lakini hayo machache huwa anayalenga vizuri.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, siku ya mkutano wetu. Nilikaa nafasi yangu ya siku zote, kule nyuma karibu na mlango. Miaka miwili niliyokuwa kwenye kikundi hiki nilikuwa sijawahi kusema neno zaidi ya "nipo" wakati wa kuitwa majina. Ajenda zikaenda, zikaisha, mwenyekiti akasema, "Mengineyo?" Akaanza kufunga daftari. Nikamwona dada yangu pale stendi amekaa. Mkono wangu ukainuka. Sijui nani aliuinua.

Mwenyekiti akashangaa. "Fundi! Una jambo?"

Nikasema, "Vyeti vya dada yangu viko ndani ya mzinga."

"Mzinga upi?"

"Wa mkwajuni."

"Si uvitoe?"

"Una nyuki."

Watu wakaangua kicheko. Kuna baba mmoja hapa, simtaji, alicheka mpaka akatoka nje. Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza maswali yake moja moja, mpaka nikamweleza nta, simu, na lile neno "nimetuma." Kisha akanyoosha kidole. "Mpigie dada yako. Sasa hivi. Weka sauti kubwa, tusikie wote."

Nikapiga. Ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

"Uko hai wewe? Nilidhani nije matangani!"

"Shikamoo dada."

"Usinisalimie. Vyeti viko wapi?"

"Sikutuma, dada. Nilikudanganya. Viko kwenye mzinga."

"Mzinga gani?"

"Wa nyuki."

"Wenye nyuki?"

"Ndiyo."

Chumba kizima kikasogelea simu. Halafu dada yangu akasema, kwa sauti ya pole ambayo ingekuwa ya siri kama si spika ya simu: "Lakini mdogo wangu, si wewe unaogopa nyuki?"

Ndugu zangu wa Kinampanda, ile siku paa la nyumba hii lilipona kwa rehema za Mungu. Watu walipiga meza. Mtu akasema, "Kumbe mgongo!" Mwingine akadakia, "Nipeni pole zangu zote!" Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nikiwa pale nimeinamisha kichwa, nikaona jambo la ajabu, kwamba nilikuwa napumua. Siri zote mbili zimetoka, na bado napumua. Na dada kwenye simu alikuwa anacheka pia, kicheko chenye machozi, akisema, "Jamani wazazi wangu mlioko hapo, nisaidieni, mwisho ni keshokutwa."

Mwenyekiti akamjibu, "Mwanangu, lala usingizi. Vyeti vyako leo vinatoka."

Saa kumi na moja jioni tulikuwa chini ya mkwaju, watu sita, na bomba la moshi limejazwa mavi makavu ya ng'ombe. Njiani mwenyekiti aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Fundi, nyuki siku wanayofika hawana asali, hawana watoto, hawana cha kulinda. Siku ile hata wewe na woga wako ungewakung'utia kwenye ndoo. Lakini kila siku uliyonyamaza, wao walikuwa wanajenga."

Vijana wawili wakapanda, wakafunga kamba, mzinga ukashushwa polepole juu ya magunia. Ulikuwa mzito. Niliusikia unanguruma ndani kama mashine ya kukamulia alizeti. Nikarudi nyuma hatua mbili, halafu nyingine mbili. Mwenyekiti alikuwa amevaa kofia ya wavu. Akavua kofia ile, akanivika mimi, akanivalisha na glavu zake.

Nikasema, "Mwenyekiti, mimi nitashika taa."

"Jua bado lipo. Taa ya nini? Mkono ulioingiza ndio utakaotoa."

Akapuliza moshi, akafungua mfuniko wa nyuma, akapuliza tena. Nyuki wakasogea mbele. Akakata sega moja, akakata la pili, akayaweka kwenye beseni. Kisha akasogea pembeni, uso wake wazi bila wavu, akanitazama. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono mpaka begani.

Nawaambia, mle ndani mna joto. Hilo sikulijua, mimi niliyechonga mizinga yote ile. Ni joto kama la mtoto aliyelala. Nilipapasa, nikashika nailoni, nikavuta, haikuja. Walikuwa wameigandisha sakafuni kwa gundi yao. Mmoja akaniuma hapa, kati ya glavu na mkono wa shati. Wa pili akaniuma hapohapo. Nikapiga kelele. Baba yule wa kicheko akasema, "Vuta, fundi, mgongo utapona!" Nikacheka nikilia, nikavuta kwa nguvu, ikaachia *kwaa*, nikaanguka chali na mfuko kifuani.

Niliumwa mara nne. Uso wangu haukuvimba. Mama alinitambua.

Cheti cha kidato cha nne kilikuwa kisafi. Cha kidato cha sita kilikuwa na doa la asali kwenye pembe moja, ukubwa wa sarafu, maana sikuukunja vizuri mdomo wa mfuko. Asubuhi yake, Alhamisi, nilikwenda mwenyewe Singida mjini, sikumpa mtu, mpaka Mandewa kwa mwanamke mmoja mwenye duka la kuchapa na kuskani. Akaweka cheti kwenye mashine, akakitoa, akanusa vidole.

"Kaka, mbona kinanata?"

"Ni asali."

"Ya wapi?"

"Mungaa."

"Ya nyuki wakubwa au wadogo?"

"Wakubwa."

"Siku nyingine uje na chupa, usije na cheti."

Picha zikaenda kwa dada kabla ya adhuhuri. Akatuma maombi yake siku hiyohiyo, na chini akaongeza mstari mmoja wa kueleza lile doa. Jioni akanipigia, hakusema mengi. Alisema tu, "Nenda ukutani." Nikaenda. Nikaweka vema.

Baada ya wiki kadhaa wakamwita kwenye mahojiano, kwa video. Aliniambia alikuwa amejiandaa kwa maswali ya mabomba na visima, wale wazungu wakaanza na nyuki. Walitaka kujua mzinga unafananaje. Sisemi kwamba alichaguliwa kwa sababu ya nyuki. Dada yangu ana alama nzuri, na ile barua ya ndoo ni yake. Lakini alichaguliwa. Yuko huko sasa, amevaa koti ndani ya koti, na viazi amevizoea. Mama yangu msimu huu amesiriba jiko lote kwa udongo mpya, akaacha pale palipo na orodha tu. Ukimuuliza anasema udongo uliisha.

Sasa shukrani zangu. Nawashukuru wale watano mlioacha ng'ombe wenu jioni ile. Nawashukuru mliocheka, maana kicheko chenu kilikuwa cha watu wa nyumbani. Baba wa kicheko, asante. Mwenyekiti, ulinivika kofia yako ukabaki uso wazi, na mimi niliona. Dada, najua watakurekodia haya, asante kwa kupokea simu.

Na kama kijana wa darasa la saba anaruhusiwa kutoa funzo, ni hili. Kama una jambo ambalo umeshindwa kulisema, liseme siku nyuki wanapofika. Usingoje wajenge. Na wewe unayetaka kuomba chuo cha mbali, au kumsaidia anayeomba, andika orodha yako mahali ambapo watu wa nyumbani wataisoma. Ile ya moyoni haina anayekuwekea vema.

Kabla dada hajaondoka alikuja kuniaga hapa mkutanoni, akatoa bahasha. Vyeti vilevile. Nikamwambia, "Dada, bado unaniamini?" Akasema, "Wewe sikuamini. Nakiamini kikundi chako." Akanikabidhi bahasha palepale, mbele ya mkutano, akasema kwa sauti, "Nitunzie kama macho yako."

Viko kwenye sanduku la chuma la mwenyekiti, ndani ya kabati la kushoto, na ufunguo uko kwa katibu. Watu ishirini na wanane wa kikundi hiki wanajua, mama yangu anajua, na leo wageni wa Kinampanda mmejua. Dada akipiga simu, hata nikishikwa na haya nikanyamaza, kuna mtu wa kumjibu.

Asali iliyoko mezani ni ya mzinga wa mkwajuni. Nimeirina mwenyewe. Karibuni muonje.

Mwenyekiti, naomba nikae.